Nyungunyungu wa Mpira

Mwaka wa vita nyungunyungu walikwisha mapema. Mwezi wa sita ulipoingia, udongo wa bondeni ulikuwa mgumu hata jembe lilidunda. Siku moja nilichimba asubuhi nzima nikapata watatu, mmoja wao amekatika.

Kuvua hakukuwa kazi ya wanawake pale kijijini. Nilivua kwa sababu nyumbani kwetu hakukuwa na mwanamume. Kaka yangu Pancras alikuwa mgambo, na mwezi wa kwanza walichukuliwa wote kwenda kupigana Uganda. Alimwacha mke wake, Domisiana, ana mimba ya miezi sita. Mimi nilitumwa kutoka kwetu Kirushya, Ngara, nije kukaa na wifi yangu katika kijiji hicho cha ujamaa kando ya ziwa Burigi, upande wa Biharamulo. Mtoto alizaliwa mwezi wa nne, wa kiume, akaitwa Xavery.

Alipofikisha mwezi mmoja na siku kadhaa, mama yake alivimba titi la kushoto. Zahanati walilipasua wakatoa usaha. Homa ilimshika wiki mbili, na ilipomwachia, maziwa yalikuwa yamekwisha pande zote mbili. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya, akalia.

Mkunga wa kijiji, mama mmoja anaitwa Petronila, alikuja akamkamua Domisiana mwenyewe kwa vidole vyake, akatikisa kichwa.

"Mchuzi wa samaki," alisema. "Kila siku, wenye mafuta yake, aunywe wa moto. Yatarudi."

"Na mpaka yarudi?" aliuliza Domisiana.

"Hilo kamwulizeni mwenye ng'ombe."

Mwenye ng'ombe upande wetu alikuwa mmoja, Bibi Uwimana. Alitoka Rwanda miaka mingi iliyopita, alikuja na ng'ombe wachache wakafa mmoja mmoja, akabaki na jike mmoja mwekundu aliyeitwa Gaju na ndama wake. Alikuwa mjane, mrefu, mnyamavu, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, mbali na ziwa kuliko zote. Watu walisema aliichagua mwenyewe wakati wa kugawiwa viwanja ili upepo wa samaki usimfikie.

Nilikwenda nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkunga amesema mama ale samaki," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na mtoto anywe maziwa yangu."

"Ndiyo, bibi."

Kwao maziwa na samaki havikai nyumba moja. Akila samaki mtu anayekunywa maziwa, ng'ombe anakauka, au chuchu zinatoa damu. Hata kwetu Kirushya wazee walilisema hilo, ingawa mwalimu wetu wa darasa la tano alilicheka. Bibi Uwimana hakuwa mtu wa kuchekwa.

"Basi maziwa hayataingia kwenu," alisema. "Mtoto ndiye atakuja kwenye maziwa."

Ikawa hivyo. Asubuhi na jioni nilimbeba Xavery mpaka kwake. Langoni palikuwa na kigae cha majivu. Nilinawa mikono kwa majivu mpaka kwenye viwiko ndipo nikaingia. Yeye alimpakata, akamnywesha kwa kijiko chake, kutoka kibuyu chake, na mimi nilikaa mbali kidogo.

"Huyu bado hajui samaki," alikuwa akisema. "Mdomo wake ni safi. Wewe ndiye unayenuka."

Baada ya siku chache alinipa pia kopo dogo la samli ya kumpaka mtoto, maana ngozi yake ilikuwa imeanza kupauka. Ilikuwa samli ya kujipaka, si ya kula. Aliipika mwenyewe na mizizi ya magugu ya ndago iliyopondwa, na ilinukia vizuri sana. Jumapili akipita kwenda kusali, mtu alijua amepita hata kama hakumwona.

Mtoto alikuwa na maziwa. Kazi yangu ikabaki samaki.

Samaki wa nyavu hatukuwapata. Mitumbwi ya kijiji ilivua, lakini samaki wote walikaushwa wakapelekwa kuwa mchango wa askari, na karani alisimama pale pale mwaloni, mitumbwi inapotua. Aliyetaka wa kula alivua kwa ndoano ukingoni, kwenye mafunjo, ngege wadogo na furu wanaoenea kwenye kiganja. Hapo alikuwapo Bulugu, Msukuma wa makamo aliyehamia kutoka upande wa Mwanza. Ndiye aliyenipa ndoano mbili na mshipi, nadhani kwa sababu alitaka kitu cha kuchekea.

"Dada, shika ufito kama unasonga ugali," aliniambia siku ya kwanza. "Huyo si nyoka."

Nyungunyungu walipokwisha, yeye alianza kutumia panzi. Mimi panzi waliniponyoka, na wale niliowapata walichomoka kwenye ndoano kabla ya kufika majini. Nikakaa siku moja bila kuvua, nikiangalia tu samaki wanavyokula. Niliona furu wanagusa kila kitu chekundu kinachoanguka, hata ua. Wanagusa, wanaacha.

Nyumbani kulikuwa na mpira wa ndani wa baiskeli ya kaka, mwekundu, umetobokatoboka. Nilikata ukanda mwembamba kama nyungunyungu, nikauvalisha kwenye ndoano. Bulugu alipouona aliita wenzake.

"Njooni muone! Huyu anawapelekea samaki baiskeli."

Walicheka. Samaki nao waligusa wakaacha. Mpira ulikuwa na rangi ya nyungunyungu, lakini haukuwa na harufu yake. Nikafumua nyuzi za sweta langu kuukuu jekundu, nikauzungushia ukanda wa mpira uzi ule, ukabana vizuri. Uzi ulishika harufu, mpira ulishika ndoano. Kilichobaki ni harufu gani.

Nilijaribu makapi ya pombe ya ndizi. Nikapata furu wawili. Nilijaribu kisabuni tulichogawiwa dukani, kwa sababu nilisikia kambale anapenda sabuni. Kambale hakuja, na Domisiana alinikemea karibu alie.

"Sabuni ya mwezi mzima, wifi! Nepi za mtoto nifue kwa mate?"

Siku iliyobadilisha mambo sikuipanga. Asubuhi ile nilichelewa. Nilimpaka mtoto samli haraka haraka, nikamweka kwa mama yake, nikakimbilia ziwani bila kunawa, na kule nikazungusha uzi mpya kwenye mpira kwa vidole vile vile. Kiboya changu, kipande cha bua la funjo, kilizama kabla sijakaa chini. Ngege. Nikarudisha, kikazama tena. Kabla jua halijapanda sana nilikuwa na tisa. Sikuwahi kuzidisha wanne.

Nilinusa vidole vyangu, nikajua.

Kuanzia siku hiyo nilichukua samli kidogo ya mtoto, kama punje ya harage, nikaisugua kwenye uzi. Domisiana alikunywa mchuzi mzito asubuhi na jioni. Siku ya nne alinionyesha tone jeupe kwenye kidole chake. Lakini kopo lilikwisha upesi. Nikaomba jingine. Likaisha.

"Mtoto huyu ana ngozi ngapi?" aliuliza Bibi Uwimana nilipoomba la tatu.

"Jua kali, bibi."

Alimgeuza Xavery, akamwangalia mgongo. Ulikuwa umepauka. Akanipa, lakini nusu kopo.

Bulugu kwa wakati huo alikuwa hanicheki tena kwa ajili ya baiskeli. Alihamia karibu yangu, akatupa panzi wake pale pale nilipotupa mimi. Ngege walimpita wakaja kwangu. Siku ya tatu hakuvumilia.

"Lete hiyo."

Akaichukua ndoano yangu, akaiweka puani. Akanusa, akatazama juu, akanusa tena.

"Hii harufu naijua," alisema. "Hii ni Bibi Uwimana anakwenda kusali."

Nikanyoosha mkono kuichukua ndoano yangu.

"Ndiyo au siyo?"

"Ni samli ya mtoto."

"Mtoto gani, wa ngege?" Alicheka mpaka akakohoa. "Nipe kidogo."

"Sina ya kugawa, baba."

"Basi nitaiomba mwenyewe. Miguu yangu imepasuka, huioni? Tazama."

"Usiende kwake."

"Naomba dawa ya miguu tu. Nani atajua?"

Alikwenda jioni ile ile. Mimi nilidhani atanyimwa na yataishia hapo. Sikumfikiria vizuri Bibi Uwimana. Yeye alimtazama Bulugu miguu, akampa kiasi cha kijiko kwenye jani, akamwambia apone haraka.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa ukingoni na Bulugu yuko upande wangu wa kulia. Nilimsikia anasema "Ee!" kwa sauti ndogo. Nikageuka. Bibi Uwimana alikuwa anateremka njia ya ziwani na fimbo yake. Sikuwa nimewahi kumwona kwenye njia ile, na nadhani hakuna aliyewahi. Wanawake waliokuwa wanafua walinyanyua vichwa.

Wakati huo huo kiboya changu kikazama.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba. Vuta, usinijali mimi."

Nikavuta. Alikuwa ngege mzuri, wa kiganja na vidole viwili. Alirukaruka kwenye nyasi karibu na miguu ya bibi, naye akarudi hatua moja.

"Mfungue mdomo."

Nilimfungua. Uzi mwekundu ulikuwa kwenye mdomo wa juu, unang'aa kwa mafuta. Bibi Uwimana aliinama kidogo akiwa ameshika nguo yake isiguse. Hakuhitaji kukaribia.

"Ndiyo," alisema.

Akamtazama Bulugu. "Na wewe, watu wa ziwani mmepasuka ngozi wote kwa pamoja? Miaka sita una miguu hiyo hiyo. Leo ndiyo inakuuma?"

Bulugu alificha jani lake nyuma ya mgongo kama mtoto. Bibi akageuka, akapanda polepole alikotoka.

Jioni nilimpeleka Xavery kama kawaida. Lango lilikuwa limefungwa kwa mti, na kigae cha majivu kilikuwa kimeondolewa. Alisimama upande wa ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Rudi na mtoto."

"Bibi, nimekosa."

"Umekosa. Kula samaki sikuwakataza. Nilijua mnakula, pua ninayo, na mama mtu lazima apone. Nikatenga. Maziwa huku, samaki huko, mimi nimekaa katikati na kijiko changu. Wewe ukachukua cha huku ukakipeleka huko. Ukakitia kwenye mdomo wa samaki. Kisha huyo samaki mkamla."

"Maziwa sikuyagusa. Nilidhani samli ya kujipaka si chakula, haimo kwenye mwiko huo."

"Samli imetoka kwa nani? Kwa mbuzi?"

Kweli nilikuwa nimefikiri hivyo. Nililinda kijiko, nililinda kibuyu, nilinawa majivu kila siku bila kuruka, na sikuona kwamba kopo nalo limetoka kwa Gaju.

"Siku nane," alisema. "Nitamfukiza Gaju, nitamsafisha. Siku nane maziwa yake hayamgusi mtu wa nyumba yenu. Asubuhi ya tisa mlete mtoto."

"Bibi, ana miezi miwili na nusu. Siku nane atakunywa nini?"

Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Xavery alikuwa ameanza kutafuta kwa mdomo, maana alijua mahali pale na alijua saa ile.

"Gaju akikauka," alisema, "atakunywa nini mwezi ujao? Na ule mwingine? Hilo ungeliuliza kabla ya kwenda ziwani." Akaingia ndani. Nilikaa pale mpaka mtoto alipoanza kulia, nikarudi naye.

Domisiana hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Wewe unaangalia kila kitu," alisema. "Hicho hukukiona?"

Kisha akamchukua mtoto, akamweka kwenye titi lenye matone yake machache.

Petronila alikuja asubuhi. Alisema tumpe uji wa ulezi mwembamba, uliochujwa kwa kitambaa, lakini uji kwa mtoto wa umri ule ni kumdanganya tumbo. "Mnyonyeshe mchana kutwa. Hata kama hakuna kitu, anyonye. Na mchuzi usikose hata siku moja. Mkikosa siku mbili tu, hayo matone nayo yataondoka." Aliniangalia mimi alipokuwa anasema hivyo.

Siku ya kwanza sikupata kitu. Kopo la samli nilikuwa nimelirudisha, nililiacha langoni. Siku ya pili nilipata furu wawili wa ukubwa wa kidole, na mchuzi wao ulikuwa maji yenye chumvi. Xavery alilia siku mbili hizo kwa nguvu, majirani wakaja kuuliza. Siku ya tatu kilio kikawa kidogo, kama cha paka, na hicho kilituogopesha zaidi. Alikuwa ananyonya, analala na titi mdomoni, anaamka, ananyonya. Domisiana alikaa ukutani na hakuondoka hapo. Redio ya ofisi ya chama ilikuwa inatangaza kwamba vita vimekwisha, na watu walipita njiani wanaulizana askari watarudi lini. Yeye hata hakugeuza shingo.

Nikaketi ukingoni nikafikiri samli ile ilikuwa na vitu viwili tu, mafuta na ndago. Samaki walikifuata kipi?

Ndago ipo tele bondeni, watu huing'oa kama magugu. Nilichimba mizizi yake, nikaiponda, nikasugua uzi. Samaki walikuja wengi, wakazunguka, wakagusa, wakaacha. Harufu ilitoka mara moja majini, nikalazimika kupaka tena kila nikitupa. Kumbe kilichoshikilia ni mafuta. Lakini mafuta ya nini? Dukani hata ya taa hayakuwapo.

Bulugu alikuwa amekaa mbali nami siku zote hizo. Jioni ya siku ya tatu alikuja mpaka mlangoni kwetu, akasimama nje na kitu kwenye jani la mgomba.

"Mafuta ya kambale," alisema. "Nimemkamata wa haja. Miguu yangu imewaponza, dada."

"Si miguu, ni mdomo," alisema Domisiana kutoka ndani.

"Haya, na mdomo."

Niliyayeyusha mafuta yale kwenye kigae, nikatia ndago iliyopondwa, nikaacha kwenye moto mdogo mpaka mizizi ikawa myeusi. Nilitumbukiza humo nyungunyungu wangu sita wa mpira, na uzi wao, nikawaacha walale humo usiku kucha. Asubuhi walinukia tofauti na samli. Walikuwa wazito zaidi, na harufu ya kambale ilikuwa chini yake. Sikujua kama ni vizuri au vibaya.

Siku hiyo ya nne kiboya kilikaa kimya muda mrefu. Nilihesabu ndege waliotua kwenye mafunjo ili nisiangalie jua. Kisha kikazama kidogo, kikarudi, kikazama kabisa. Furu mkubwa. Baada yake ngege watano, na mmoja alinikatia ndoano akaenda nayo. Bulugu alihesabu kwa sauti kila nilipovuta, kama karani, nikamwambia anyamaze.

Niliwapika wote siku ile, vichwa na mikia, mpaka mchuzi ukaganda juu ulipopoa. Domisiana alikunywa bakuli tatu. Siku ya tano nilipata saba. Siku ya sita asubuhi nilikuwa napura maharage uani aliponiita.

"Wifi. Njoo. Sikiliza."

Nilidhani mtoto ana tatizo la kifua. Nikainama. Xavery alikuwa amefumba macho, shavu linakwenda, na kooni kulikuwa na mlio, kwa, kwa, kwa, anameza. Aliacha, akapumua, akaanza tena. Maziwa yalimtoka pembeni ya mdomo yakaingia kwenye mikunjo ya shingo yake, na hakuna aliyeyafuta.

Petronila alisema ni mchuzi. Halafu akasema labda ni kule kunyonya bila kuacha, maana kwa Bibi Uwimana alikuwa anashiba kijiko na kulisahau titi. Mimi sijui ni kipi. Nilivua kila siku kama vile ni mchuzi.

Asubuhi ya tisa nilikwenda peke yangu. Lango lilikuwa wazi na majivu yamerudishwa mahali pake. Bibi Uwimana alikuwa amesimama na kibuyu mkononi. Aliangalia mgongoni kwangu, akaangalia njia nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Amelala, bibi. Ameshiba."

"Ameshiba nini?"

"Mama yake."

Mkono uliokuwa umeshika kibuyu ulishuka kidogo. "Na mama yake anakula nini?"

"Samaki."

"Wa samli yangu?"

"Hapana. Nimetumia mafuta ya kambale, na ndago."

"Ndago haina mwenyewe," alisema. "Gaju hajakauka. Haya nilimwekea mtoto, na ya jioni pia yapo."

"Nashukuru, bibi. Lakini nyumba yetu tumeona tubaki na samaki."

Domisiana ndiye aliyesema nimwambie hivyo, usiku uliotangulia, na alinifanya nirudie maneno mara mbili nisije nikayapunguza. Bibi Uwimana hakukasirika, au hakuonyesha. Aliuliza kama mtoto anakojoa vizuri. Nikasema anakojoa. Aliuliza kama titi lililopasuliwa linatoa. Nikasema linatoa kidogo, jingine ndilo linalomlisha.

"Basi," alisema.

Akazibua kibuyu akanywa mwenyewe, polepole, amesimama pale pale langoni. Nilingoja amalize, nikamuaga, nikateremka ziwani, kwa sababu mchuzi wa siku ile ulikuwa bado haujapatikana.